Longonot, bonde na mawimbi ya redio



Longonot wengi tunaijua kwa volkano. Mimi huku ninakosomesha huitaja kwa sababu nyengine: mwaka 1970 Kenya ilifungua pale kituo cha satelaiti, ndani ya Bonde la Ufa, mbali na Nairobi. Mawimbi yanayotoka satelaiti, kilomita 36,000 juu, hufika yakiwa dhaifu mno. Ndiyo maana vituo hivyo vilitafutiwa mabonde, milima izuie makelele ya redio za mjini.

Baadaye madishi yakahamia mijini, juu ya mapaa ya mabenki na maofisi. Miaka ya 2000 ikaja WiMAX kwenye gigahezi 3.5, ndani ya masafa 3.4 hadi 4.2 ambayo madishi mengi huyasikiliza yote kwa pamoja. Mnara mmoja wa jirani hutosha kulizima dishi. Tena Mkutano wa Redio wa Geneva, 2007, ukaziruhusu nchi nyingi, zikiwemo za Afrika, kuitumia sehemu hiyo kwa simu za mkononi.

Wakati huo kwetu hapakuwa na mkongo wa baharini. SEACOM ilifika 2009. Dishi likizimwa, benki nayo imekatika. Bondeni tulilindwa na mlima. Mjini hapana mlima, ipo sheria ya masafa tu, na hiyo lazima isimamiwe.