Swali la Kumi

Mwaka 1978, nilipokuwa mwalimu kijana hapa Dodoma, mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza. Kufika wiki ya tatu alikuwa amebadilika. Usiku alilala macho wazi. Mtoto akilia, alimtazama kama mtoto wa jirani. Uji aliopikiwa ulipoa mbele yake. Nami nilimkaripia. Nilimwambia wenzake huzaa na baada ya muda si mrefu wako shambani wanapalilia uwele. Jirani mmoja alisema ametupiwa jicho. Kliniki tuliyokwenda walimpima mtoto uzito, wakaandika kwenye kadi, basi. Mama hakuulizwa neno.

Hospitali ya Mirembe ipo mjini kwetu tangu mwaka 1927. Lakini nani angempeleka mzazi Mirembe? Neno hilo kwa Kiganda maana yake ni amani. Kwetu watoto walitukanana nalo barabarani.

Kumbe miaka ile ile, huko Uganda, jambo hili lilikuwa likichunguzwa. Daktari Mwingereza, John Cox, aliyefanya kazi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwachunguza wajawazito 263 wa Kasangati, nje kidogo ya Kampala, akachapisha matokeo mwaka 1979. Baganda walikuwa na jina la maradhi ya mzazi: amakiro. Walisema huletwa na uzinzi wakati wa mimba, na kwamba mama aweza hata kutaka kumla mwanawe. (Tusiwacheke, sisi tulikuwa na jicho.) Baadaye Cox aliwalinganisha na wazazi wa Scotland, akakuta huzuni hiyo pande zote mbili, karibu mzazi mmoja katika kila kumi. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa kipimo chenye jina la Edinburgh: maswali kumi juu ya siku saba zilizopita. Je, mama anaweza kucheka? Anajilaumu bure? Ana hofu isiyo na sababu?

Machozi ya siku za kwanza huwapata wazazi wengi, nayo hukauka yenyewe kabla ya wiki mbili. Hili lingine hukaa. Na akichanganyikiwa kabisa, akasikia sauti, jambo ambalo ni nadra, hakimbizwi kwa mganga wa kienyeji bali hospitali, siku hiyo hiyo.

Mke wangu alimpata dada yake, aliyekuja kutoka Kondoa, akakaa nasi miezi minne, akimbeba mtoto na kumlisha mama bila kumuuliza kwa nini. Akapona polepole.

Maswali yale yalinifikia nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, watoto wetu wakubwa tayari. Jioni moja nilimsomea. Alijibu huku akichambua mchele, kwa utulivu, mpaka la kumi, linalouliza kama mama amewahi kufikiri kujidhuru.

"Ndiyo, Mwalimu," akasema. "Kile kisima cha nyuma ya nyumba."

Siku zile mimi ndiye niliyekuwa nikimtuma huko kuchota maji, nikidhani kazi itamchangamsha.