Maji, Upepo na Glikoli: Habari za Kupoza Injini za Eropleni

Wasikilizaji wetu, mtu akaaye karibu na barabara ya mlimani amekwisha kuliona jambo hili: lori lapanda na mzigo wake, mara mvuke mweupe wafuka mbele, dereva asimama kando, na utingo ashika debe kwenda mtoni. Lori lina mahali pa kusimama. Eropleni haina. Kwa sababu hiyo twapenda leo kueleza jinsi watu walivyochagua kitu cha kupoza injini za eropleni, maana rubani aliyechagua vibaya hakuwa na mto wa kuendea.

Kwanza ifahamike kwamba petroli iunguapo ndani ya silinda, ni yapata robo au theluthi tu ya joto lake igeukayo kuwa kazi ya kuzungusha rafadha. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi, nayo iliyobaki huingia katika chuma chenyewe. Isipoondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza nguvu yake, pistoni hukwama, injini hufa.

Ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliporuka huko Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, injini yao ilipozwa kwa maji. Fundi wao Charlie Taylor ndiye aliyeiunda, yenye silinda 4 na nguvu yapata ya farasi 12. Safari ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12, na iliyo ndefu kupita zote siku ile sekunde 59; kwa muda mfupi hivyo maji hayakupata nafasi ya kuleta udhia. Tena maji ni kitu chema: ni rahisi kupatikana, na katika vimiminiko vya kawaida hakuna kichukuacho joto kwa wingi kuyashinda. Lakini yana aibu zake. Yakiganda kwa baridi hutanuka na kupasua chuma. Nayo huchemka kwa digrii 100 pwani tu; kadiri upandavyo juu huchemka upesi zaidi. Wakazi wa milimani wanajua jinsi maharagwe yakawiavyo kuiva. Kileleni Kilimanjaro, penye futi 19,340, maji huchemka yapata digrii 80. Basi rubani apandaye huona maji yake yakikaribia kuchemka ingawa injini haikuzidi moto.

Wengine wakasema, kwa nini tubebe maji angani hali upepo uko bure? Tarehe 25 Julai 1909 Mfaransa Louis Blériot alivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa mpaka Uingereza kwa injini ya Anzani ya silinda 3, iliyopozwa kwa upepo tu. Yasimuliwa kwamba ilianza kupata moto kupita kiasi, ikaokolewa na manyunyu ya mvua. Ndugu Seguin, Wafaransa pia, walifanya ajabu kubwa zaidi: katika injini yao iitwayo Gnome silinda zote zilizunguka pamoja na rafadha, zikijitafutia upepo zenyewe. Tulipowaeleza wanafunzi wetu habari hii walicheka, wakidhani twawafanyia mzaha.

Upepo ndio ulioshinda katika eropleni ndogo. Moth ya de Havilland, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1925, haikuwa na rejeta wala mipira ya kuvuja. Kwa eropleni ya namna hiyo Amy Johnson aliondoka Croydon tarehe 5 Mei 1930, akafika Darwin, Australia, tarehe 24. Hata Nairobi, kampuni ya Wilson Airways ilianza mwaka 1929 kwa Gipsy Moth.

Baadhi ya injini kubwa za vita hazikutosheka na upepo. Rolls-Royce walijaribu kuyaacha maji yageuke mvuke, kisha mvuke upozwe ndani ya mabawa; eropleni ya Supermarine ya mwaka 1934 ilitengenezwa hivyo, ikawa taabu tupu. Ndipo glikoli iliposhika nafasi. Hiki ni kimiminiko kichemkacho karibu na digrii 200, kwa hiyo rejeta yaweza kuwa ndogo. Walakini glikoli tupu huchukua joto kidogo kuliko maji, hupenya katika viungo, tena huweza kuwaka. Katika injini ya Merlin walianza na glikoli tupu, hata baadaye wakaona heri kuchanganya sehemu 30 za glikoli na 70 za maji, na kuzifungia kwa mkazo, kama sufuria iliyobanwa kifuniko, zisichemke upesi. Hata hivyo risasi moja katika rejeta ilitosha kuiua injini baada ya dakika chache.

Shauri hili limerudi katika eropleni ndogo za siku hizi. Injini ya Rotax 912 ya Austria, iliyopewa hati mwaka 1989, hupozwa kwa njia mbili: silinda kwa upepo, vichwa vyake kwa kimiminiko. Mwenyewe aweza kutia glikoli na maji nusu kwa nusu, nayo maji yawe yaliyotoneshwa, maana maji ya kisima huacha chokaa njiani. Au aweza kutia glikoli isiyo na maji kabisa, ichemkayo kwa zaidi ya digrii 180, bila mkazo mkubwa wala kutu. Lakini hii huchukua joto kidogo, hivyo chuma hupata moto zaidi. Sisi, kwa nchi ya joto na viwanja vya mbali, twapendelea mchanganyiko, kwa kuwa fundi huweza kuongeza maji safi popote. Mwenye kutumia ile isiyo na maji akiongeza hata kibaba cha maji ameiharibu.

Liko jambo moja lihofiwalo na mafundi kuliko hayo. Kipimajoto kikiwekwa ndani ya kimiminiko, nacho kimiminiko kikavuja chote, huweza kubaki katika hewa tupu na kuonyesha ubaridi, ilhali kichwa cha silinda chaungua. Ndiyo maana mafundi wengine hukitia katika chuma chenyewe, na rubani mwangalifu hufungua kifuniko kwa mkono wake kila asubuhi, injini ikiwa baridi, na kutazama ndani kabla ya kuondoka.