Rangi kwenye ramani za Masisi na Walikale: nani anazipanga?

Ramani za wahamishwa, za kolera ao za njaa huko Kivu ya Kaskazini zinafanana: maeneo yanapakwa rangi, kuanzia ya kufifia mpaka nyekundu nzito. Watu wengi wanaangalia tu wapi rangi imekolea. Lakini ile rangi haitoki yenyewe kwenye hesabu. Kuna mtu aliyeipanga kwenye kompyuta, mara nyingi kwa QGIS, programu ya bure, na chaguo lake linaweza kuficha mateso ya eneo zima.

Zoni za afya ziko nane hapa: Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi katika wilaya ya Masisi, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero katika wilaya ya Walikale. Kwa mfano tu, zoni moja iwe na wahamishwa 80 000, na saba zingine ziwe kati ya 2 000 na 18 000. Programu ikiambiwa ikate ngazi nne zenye upana sawa, kila ngazi ni karibu watu 20 000. Zoni moja inakuwa nyekundu. Zile saba zote zinapata rangi moja ya kufifia, ile ya 18 000 sawasawa na ile ya 2 000. Ikiambiwa iweke zoni mbili-mbili kwa kila ngazi, ile ya 18 000 inapanda kwenye nyekundu pamoja na ya 80 000. Hakuna hesabu hata moja iliyobadilika. Njia ya tatu inakata pale penye pengo kubwa kati ya hesabu. Mara nyingi ndiyo inafaa zaidi, ingawa mipaka yake si namba za mviringo.

Ukubwa wa ardhi nao unadanganya macho. Walikale iko na kilometa mraba karibu 23 000, Masisi haifiki 5 000. Wakiwa na wahamishwa sawa, Walikale itajaza ramani na Masisi itaonekana kama kona ndogo. Afazali rangi ioneshe wahamishwa kwa kila wakaaji 1 000, na idadi yenyewe iwekwe kama duara juu yake.

Hatari kubwa iko kwa zoni ambayo ripoti haikufika, kwa sababu njia imefungwa ao mtandao umekatika. Mtu akijaza sifuri kwenye jedwali, Pinga ao Itebero inapata rangi ya kufifia kabisa, na aliye Kinshasa anasoma: kule kuna utulivu. Zoni bila habari inapaswa kuwa ya kijivu ao yenye mistari, na maelezo pembeni.

Ramani za njaa za IPC zimeepuka jambo moja: rangi zake tano hazihami, kijani, manjano, chungwa, nyekundu na nyekundu nzito, kila moja na maana yake. Ndiyo maana unaweza kulinganisha ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kwenye ramani za kawaida, ngazi zikihesabiwa upya kila mwezi, nyekundu ya Januari si lazima iwe nyekundu ya Juni. Dawa ni kuandika mipaka kwa mkono na kuihifadhi.

Tena, nyekundu na kijani vinawachanganya wanaume wengine tangu kuzaliwa, na kwenye fotokopi vinaweza kutoka kijivu kile kile. Rangi moja inayokolea polepole inasomeka hata kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kituo cha afya.