Mbuni, Buni, Kahawa

Kiswahili kinapanga vizuri: mti ni mbuni, tunda ni buni, kinywaji ni kahawa. Ila katika biashara ya Thika na Ruiru, mbuni ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake, isiyopitia mashine ya kumenya wala maji, na bei yake ni ya chini. Naona jina la mti limeonewa. Huu ni mti wa ukoo wa Rubiasia, wenye spishi zaidi ya 13,000, mviru na mkwinini ikiwemo. Uchunguze mbuni wa aina ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985: majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na kati ya vikonyo vyake kuna ncha ndogo ya pembetatu. Mviru unayo pia.