Kuna Nini Usoni Pangu?

Somo: 1 Samweli 16:1–13

Juma lililopita tulimwacha Samweli njiani kwenda Bethlehemu, pembe ya mafuta mkononi. Leo amefika kwa Yese, na wana wa Yese wapitishwa mbele yake mmoja mmoja. Wa kwanza ni Eliabu. Samweli amtazama mara moja, kimo chake na sura yake, na moyoni amekwisha kumtawaza. Nabii mzima, aliyezoea sauti ya Bwana tangu utoto wake! Ndipo Bwana akamkanya. Lakini liko jambo ambalo sisi wahubiri hupenda kuliruka. Mistari michache mbele, Daudi aletwapo kutoka malishoni, mwandishi hakuweza kujizuia kutuambia kwamba kijana alikuwa na macho mazuri na sura ya kupendeza. Macho ya wanadamu hayaachi kazi yake, hata ndani ya Maandiko.

Tumeanza hapo kwa sababu ya swali tuliloulizwa miaka kadhaa iliyopita na kijana wa darasa letu la kipaimara. Kila Jumapili, washirika wakitoka na kupanga mstari mlangoni ili kupeana mikono, yeye alipitia mlango mdogo wa nyuma, penye chumba cha kuvalia kanzu, akazunguka tangi la maji, akaenda kumngoja mama yake barabarani. Tulimwita tukamkaripia mbele ya wenzake. Tulimwambia Mkristo hawakimbii ndugu zake. Hakujibu neno.

Siku ya pili alikuja peke yake. Akasimama akiitazama kalenda ya ukutani, akasema, “Mchungaji, kuna nini usoni pangu? Watu hunitazama vibaya kabla sijasema neno.” Alikuwa amejitazama sana kwenye kioo. Alikuwa ameilinganisha picha yake na ya ndugu yake mkubwa, pua kwa pua, mdomo kwa mdomo, na tofauti hakuiona. Nasi tukamjibu kwa haraka ile ya wachungaji: “Hakuna kitu, kijana wangu. Ni mawazo yako tu.”

Baadaye mama yake alitueleza kwamba mwanawe ana usonji, yaani tofauti ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na kuishi nayo, inayogusa namna ya kusema, ya kusikia sauti na mwanga, na ya kuelewa yale ambayo watu huambiana pasipo maneno. Tukaona haya. Tangu hapo tumesoma kidogo habari za usonji ulivyotambuliwa, na twataka leo kulirudia swali la kijana yule, maana jibu letu lilikuwa na nusu ya kweli tu.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha taarifa ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Baadhi yao walikuwa wamehesabiwa kuwa wapungufu wa akili. Wengine walidhaniwa viziwi. Hali yao haikuwa kama ile aliyoieleza daktari Mwingereza John Langdon Down mwaka 1866, ambayo hata jirani huitambua kwa kumtazama mtoto usoni. Kanner aliona kwamba nyuso za watoto hawa wote zilikuwa za watoto wenye akili. Kisha akaandika jambo ambalo sisi tulilisoma mara tatu. Wakiwa mbele za watu, nyuso zile zilikazwa na wasiwasi, kwa kuwa watoto walihofia kuingiliwa. Wakiwa peke yao na vitu vyao, mara nyingi walitabasamu kwa utulivu, na pengine wakaimba taratibu kwa furaha.

Fikirini hayo, ndugu zangu. Uso ni ule ule. Kilichobadilika ni kuwako kwa mtu anayetazama.

Mtoto wa kwanza katika taarifa ile aliitwa Donald Triplett, mzaliwa wa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Mwaka 1937, kabla hajatimiza miaka minne, wazazi wake walishauriwa kumpeleka katika makao ya watoto mbali na nyumbani. Huko alififia; akawa akikaa kimya asijali lolote. Baada ya mwaka mmoja hivi wazazi walimtoa, ijapokuwa mkuu wa makao alishauri aachwe. Baba yake, mwanasheria, akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 kumweleza mwanawe. Kurasa 33! Twajiuliza ni wazazi wangapi wametukalia ofisini wakiwa na kurasa 33 moyoni, nasi tukawapa dakika tano na sala fupi.

Baadaye Donald aliishi miaka michache kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wasio na elimu kubwa. Kijana alipenda mno kupima vitu, basi mkulima akamchimbisha kisima na kumtaka alete habari ya kina chake. Alipenda kuhesabu, basi akaambiwa ahesabu mistari ya mahindi huku akilima kwa plau. Alikuwa akiokota ndege na wadudu waliokufa, basi akapewa mahali pa kuwazika, naye akamwekea kila mmoja alama ya kaburi yenye jina la ukoo wa mkulima yule. Kanner alikwenda kuwatembelea mwaka 1945 akastaajabu. Nasi twastaajabu, maana watu wale hawakuwa wamesomea jambo lolote la namna hii.

Donald alimaliza masomo ya chuo mwaka 1958, akafanya kazi katika benki ya mji wao, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi za dunia. Hakuacha kuonekana wa namna yake. Aliwapa watu nambari badala ya majina, na miaka mingi baadaye aliikumbuka nambari ya kila mmoja. Alipocheza gofu, kabla ya kuupiga mpira alikuwa akilamba vidole vya mkono mmoja, kisha vya mkono wa pili. Mgeni angekodoa macho. Watu wa Forest walikuwa wamekwisha kuzoea. Waandishi wawili wa habari, John Donvan na Caren Zucker, walioandika juu yake mwaka 2010, walionywa na wenyeji kwamba wakimdhuru Donald, wenyeji wanajua pa kuwapata. Alifariki mwaka 2023, mwenye miaka 89. Tusifiche lakini kwamba jamaa za mama yake ndio waliokuwa na benki ile, na kwamba alikuwa Mzungu katika Mississippi ya siku zile. Mtoto wa maskini, au mtoto mweusi wa mji huo huo, sidhani angalitazamwa kwa upole namna ile.

Mahali pengine jicho la mtazamaji lilikuwa la mauti. Mjini Vienna daktari Hans Asperger alichapisha mwaka 1944 taarifa yake ya watoto waliofanana na wale wa Kanner, naye aliandika kwa makini juu ya macho yao na namna yao ya kutazama. Kwa miaka mingi alisifiwa kuwa mlinzi wa watoto hao. Lakini mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa hati za zamani kwamba Asperger alishiriki katika kuwapeleka watoto wengine walemavu Am Spiegelgrund, kliniki ya Wanazi mjini humo. Watoto 789 walikufa mahali pale kati ya mwaka 1940 na 1945.

Na walipoachwa watoto, waliandamwa mama zao. Kanner mwenyewe alikuwa ameandika juu ya ubaridi wa wazazi, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim akatoa kitabu kilichowabebesha lawama hiyo mbele ya ulimwengu, ingawa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, alikwisha kuipinga kwa hoja nzuri mwaka 1964. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya wazazi akawaondolea hatia. Sisi huku hatukuhitaji kitabu cha Bettelheim. Tulikuwa na maneno yetu: laana ya ukoo, pepo, mama aliyevunja mwiko. Sisi wenyewe tumewahi kuitwa tukemee pepo katika mtoto ambaye shida yake ilikuwa kelele za ngoma za kanisa.

Usonji si ugonjwa wa Wazungu. Mtafiti Victor Lotter aliwachunguza watoto zaidi ya 1,300 katika makao na shule za watoto wenye ulemavu wa akili katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na katika taarifa yake ya mwaka 1978 alieleza kwamba wenye usonji aliwakuta. Twadhani, hata hivyo, kwamba jicho letu hutazama mahali pengine. Huko Marekani mtoto asiyemtazama mtu machoni hujulikana upesi. Kwetu mtoto ainamishaye macho mbele ya mzee husifiwa kwa adabu. Kijana wetu wa kipaimara alisifiwa hivyo miaka mingi! Kilichomfichua kwetu ni mkono. Mtu asiyesalimu, asiyeuliza habari za nyumbani, anayetoa vidole vitatu na kuvirudisha upesi, kijiji kizima kitamjadili kabla ya jua kutua.

Sasa twarudi kwenye swali lake. Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya utafiti ambao ungetufaa sana siku ile ya kalenda. Watu wasio na usonji walionyeshwa kwa sekunde chache tu watu wenye usonji na wasio nao, pasipo kuambiwa nani ni nani. Waliwahukumu wenye usonji kwa ubaya zaidi, na hawakupenda sana kukaa nao wala kuzungumza nao. Ilikuwa hivyo katika picha za kutembea, katika sauti peke yake, na hata katika picha tuli. Lakini wasomaji walipopewa maneno ya watu wale wale yakiwa yameandikwa tu kwenye karatasi, tofauti ile ilitoweka.

Basi kijana hakuwa akiwaza ovyo. Watu walimtazama kweli kabla hajasema neno, na sisi mchungaji wake tulimwambia ni mawazo yake. Kioo hakingeweza kumwonyesha kitu, kwa kuwa katika kioo alikuwa peke yake.

Tulipousoma utafiti huo tulikumbuka Jumapili moja kabla ya Askofu kuja. Desturi yetu ni kila mtahiniwa wa kipaimara kusimama mbele na kutoa ushuhuda. Yeye aliomba aandike. Wazee wa kanisa hawakupenda. Mmoja alisema ushuhuda ni wa kinywa. Mwishowe tulikubali, na katibu wa kanisa akausoma pasipo kutaja jina. Aliandika kwamba humsikia Mungu vizuri zaidi wakati kanisa li tupu, baada ya viti kupangwa, na kwamba amekwisha kuhesabu viti vyote, naye huwaombea wanaovikalia kwa kufuata mistari, kila jioni, tangu wa mbele hata wa nyuma. Mstari wa mwisho wa viti ndio aliouombea mara mbili, kwa kuwa hapo huketi wanaochelewa na wanaoona haya.

Kanisa lilinyamaza. Mama mmoja wa Chama cha Akina Mama, ambaye kwa miaka yote huketi mstari ule wa mwisho, alitujia mlangoni baada ya ibada akiushika mkono wetu pasipo kuuachia, akauliza ushuhuda ule ni wa mtoto wa nani, amsalimu. Tuligeuka kumtafuta. Alikuwa amekwisha kuzunguka tangi la maji. Mama yule alitazama upande wa barabara, akakunja leso yake, akapitia mlango mdogo wa nyuma kumfuata.