Mtaa (Tanzania)

Mtaa ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa katika maeneo ya miji ya Tanzania Bara. Mitaa kadhaa huunda kata, na kata huwa chini ya halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 Tanzania Bara ilikuwa na mitaa zaidi ya 4,200. Vijijini ngazi inayolingana nayo ni kijiji, ingawa vyombo hivyo viwili havina nguvu sawa kisheria.

Kwa mkazi wa pembezoni mwa jiji, kwa mfano Kimara, Goba, Kivule au Chanika katika Dar es Salaam, ofisi ya mtaa ndiyo serikali anayoweza kuifikia kwa miguu. Hapo ndipo anapopeleka shida ya taka, mtaro ulioziba, jirani aliyesogeza ukuta, baa inayopiga muziki hadi alfajiri na kiwanja kilichouzwa mara mbili. Mengi kati ya hayo mtaa hauna fedha wala mamlaka ya kuyamaliza.

Jina

Katika Kiswahili cha kawaida mtaa ni sehemu yoyote ya mji yenye makazi. Nchini Kenya maeneo kama Buruburu au Kibera huitwa mitaa bila neno hilo kuwa na maana ya kiutawala. Tanzania pia njia ya katikati ya mji huitwa mtaa, kama vile Mtaa wa Kongo huko Kariakoo. Makala hii inahusu mtaa kama chombo cha utawala. Visiwani Zanzibar chombo hicho hakipo. Kuna shehia, inayoongozwa na sheha ambaye huteuliwa, hachaguliwi na wananchi.

Historia

Miaka ya 1960 chama cha TANU kilianzisha mfumo wa mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina likiwa na mjumbe wake. Mjumbe alijua nani amehamia, nani ana mgeni na nani amegombana na mkewe, na katika mfumo wa chama kimoja kazi za chama na za serikali hazikutenganishwa.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na kazi zake zikachukuliwa na serikali kuu kupitia mikoa na wilaya. Matokeo mijini yalionekana haraka katika usafi, barabara na zahanati. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 zilitungwa Sheria Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Sheria Na. 8 kwa mamlaka za miji. Mtaa uliingia katika mfumo huo miaka ya 1990, baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, kwani ilibidi kuwe na ngazi ya chini isiyokuwa mali ya chama.

Mashina hayakufa. Yamebaki kuwa ngazi ya CCM, na viongozi wake huitwa mabalozi. Katika mitaa mingi ya zamani mkazi bado huanza kwa balozi kabla ya kufika ofisi ya mtaa, hata kama sheria haimtaki afanye hivyo. Kenya ilichukua wazo na jina la Nyumba Kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama.

Uongozi

Mtaa huongozwa na mwenyekiti pamoja na wajumbe wa kamati ya mtaa, wa kundi mchanganyiko na wa kundi la wanawake. Wote huchaguliwa na wakazi wenye umri wa miaka 18 au zaidi kwa kipindi cha miaka mitano. Mgombea lazima adhaminiwe na chama cha siasa. Mwenyekiti hana mshahara. Hupata posho tu, tena isiyofika kwa wakati kila mahali.

Pembeni yake kuna mtendaji wa mtaa, ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri na katibu wa vikao. Mmoja amewekwa na wapigakura, mwingine na mwajiri aliyeko makao makuu ya manispaa. Wakielewana, ofisi huenda vizuri. Wasipoelewana, mwenyekiti huitisha mkutano na mtendaji hukosekana, au mtendaji huleta agizo na mwenyekiti hukataa kulitangaza.

Chombo kikuu ni mkutano wa wakazi wote. Mwenyekiti anatakiwa kuuitisha mara kadhaa kwa mwaka na kusoma mapato na matumizi. Mahudhurio huwa madogo katika mitaa ya wapangaji na ya watu wanaotoka kazini usiku, na makubwa pale panapokuwa na jambo la ardhi.

Barua na mhuri

Kazi inayomleta mkazi ofisini mara nyingi zaidi ni barua ya utambulisho. Barua hiyo huthibitisha kwamba mtu anaishi mahali fulani, na huhitajika anapoomba kitambulisho cha taifa au pasipoti, anapofungua akaunti ya benki, anapochukua mkopo au anapomwekea ndugu dhamana polisi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri pia huanzia kwenye mtaa.

Kwa miaka mingi nyumba hazikuwa na namba wala njia hazikuwa na majina, hivyo mwenyekiti ndiye aliyekuwa anwani: alijua kwamba fulani anakaa nyuma ya kisima, nyumba ya geti la bluu. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya watu na makazi ya mwezi Agosti, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Nguzo zenye majina ya barabara zilisimikwa hata kwenye vichochoro. Haja ya barua haikuisha.

Ardhi pembezoni mwa mji

Hapa ndipo tofauti kati ya mtaa na kijiji huonekana wazi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji. Ina nafsi ya kisheria: inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kupendekeza sheria ndogo. Mtaa hauna mambo hayo. Mji unapopanuka na kumeza kijiji, ardhi yake huwa ardhi ya jumla, na maamuzi huhamia kwa halmashauri ya mji na Kamishna wa Ardhi. Mwenyekiti aliyekuwa na sauti juu ya shamba hubaki kuwa shahidi wa mauziano.

Ushahidi huo una uzito kuliko sheria inavyoonyesha. Watu wa jiji la Dar es Salaam waliongezeka kutoka 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012 hadi 5,383,728 mwaka 2022, na wengi wao walijenga kwenye mashamba yaliyokatwa vipande. Dalali huleta mnunuzi, eneo hupimwa kwa hatua, bei hukubaliwa, na mkataba huandikwa mbele ya mwenyekiti na majirani wa pande nne. Imezoeleka kudaiwa asilimia fulani ya bei kwa ajili ya ofisi, desturi inayolalamikiwa kila mara na isiyo na msingi ulio wazi kisheria. Daftari la mauziano, pale linapokuwepo, hubaki kabatini au nyumbani kwa mwenyekiti. Akishindwa uchaguzi au akifariki, kumbukumbu za mtaa huondoka naye.

Anayeuza shamba vipande vipande hapotezi hatua zake kwa kuacha barabara. Nyumba hujengwa kwanza, njia hutafutwa baadaye, na mara nyingi kinachobaki ni uchochoro wa kupita pikipiki. Gari la taka haliingii, wala la kunyonya majitaka, wala la zimamoto. Mitaa iliyopimwa kabla ya kujengwa haina shida hii kwa kiwango hicho: Sinza na Kijitonyama zilipimwa katika miradi ya viwanja ya miaka ya 1970, na kuanzia mwaka 2002 mradi wa viwanja 20,000 ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni na Kibada.

Kwa maeneo yaliyokwisha kujengwa serikali hutumia urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwa nyumba zilizopo. Kamati ya wakazi huundwa kwenye mtaa, wakazi huchangia gharama, na kampuni ya upimaji hufanya kazi. Ugumu mkubwa huwa ni barabara: kila mtu anaitaka, lakini lazima baadhi yao wavunje ukuta kuipisha, tena bila fidia. Katika mitaa mingi fedha zilikusanywa na hati zikachelewa kwa miaka, na waliolaumiwa kwanza walikuwa viongozi wa mtaa, ingawa hawakuwa wao waliotia saini hati yoyote.

Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, iliyohesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati. Wengi wa wakazi hao walikuwa na mikataba iliyoshuhudiwa kienyeji, na wapo waliokuwa wameishi hapo tangu wazazi wao. Mhuri wa mtaa haukuwasaidia.

Taka, maji na barabara

Tangu miaka ya 1990 uzoaji taka Dar es Salaam umeachiwa kwa kiasi kikubwa kampuni binafsi na vikundi vya wakazi, vinavyopita nyumba kwa nyumba kwa mkokoteni au kirikuu na kutoza ada kwa mwezi. Nyumba moja ikikataa kulipa, taka zake huishia mtaroni. Mvua za masika zinapofika mtaro uliojaa hufurika, na baadhi ya wenye nyumba hutumia mvua hiyohiyo kutapisha vyoo, uchafu ukashuka kwa walio bondeni. Mtaa unaweza kuonya na kupeleka jina kwa bwana afya wa kata. Faini hutozwa chini ya sheria ndogo za halmashauri.

Huduma nyingine ziko kwa taasisi zisizowajibika kwa mkutano wa mtaa. Barabara za ndani ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, barabara kuu chini ya TANROADS, maji ya Dar es Salaam na Pwani chini ya DAWASA, umeme chini ya TANESCO. Hivyo wakazi huomba barua, husubiri, na mwishowe huchangishana wenyewe kununua kifusi, kukodi greda au kuweka kalavati. Michango hiyo ni ya hiari, lakini asiyetoa hujulikana.

Kodi ya majengo nayo imetoka mikononi mwa ngazi ya chini. Ilikusanywa na halmashauri hadi mwaka wa fedha 2016/17, ilipopelekwa TRA. Tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU mtu anaponunua umeme, kwanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 kuanzia mwaka 2023. Kwa kuwa mwenye kununua umeme mara nyingi ni mpangaji, kodi ya mwenye nyumba imeangukia mtu mwingine, na magomvi ya kurudishiana fedha hizo husuluhishwa, au hushindikana, katika ofisi ya mtaa.

Usalama na usuluhishi

Mitaa mingi huendesha ulinzi shirikishi, ambapo vijana hulinda usiku kwa posho inayotokana na michango ya kaya. Migogoro midogo ya ndoa, madeni na mipaka husikilizwa na kamati kabla ya kwenda baraza la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu katika mashauri ya ardhi, bali hupatanisha tu. Likishindwa, shauri huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Uchaguzi

Uchaguzi wa mitaa, vijiji na vitongoji hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, na husimamiwa na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa (TAMISEMI), jambo ambalo vyama vya upinzani vimelipinga kwa muda mrefu. Tarehe 14 Desemba 2014 vyama hivyo vilipata mitaa mingi ya Dar es Salaam. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 24 Novemba 2019 wagombea wao wengi waliondolewa na wasimamizi, vyama kadhaa vikiwemo CHADEMA na ACT-Wazalendo vikajitoa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Tarehe 27 Novemba 2024 upinzani ulishiriki, huku ukilalamikia tena kuenguliwa kwa wagombea. CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti wa mitaa.

Mahali ambapo mgombea ni mmoja, wakazi hupiga kura ya ndiyo au hapana.