Kadi Aliyonirudishia Mzazi

Nilipomaliza chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mgonjwa aliyekwenda hospitali ya Serikali hakuulizwa fedha. Ndiyo ilikuwa siasa ya nchi baada ya Azimio la Arusha la 1967, nasi walimu vijana tuliwaimbisha watoto maadui watatu wa taifa: ujinga, maradhi na umaskini. Wenye umri wangu watakumbuka pia kwamba miaka ya themanini matibabu yalikuwa bado bure, ila dawa zilikuwa hazipo.

Mwaka 1993 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa, kwa kuanzia hospitali kubwa na kuteremka chini kwa awamu. Tukaambiwa huko ni kuchangia gharama. Kwetu Shinyanga mkulima hupata fedha mara moja kwa mwaka, anapouza pamba, na malaria haisubiri msimu wa pamba.

Dawa ya tatizo hilo ilijaribiwa kwa majirani zetu wa Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Uliitwa Mfuko wa Afya ya Jamii. Kaya ililipa shilingi 5,000, ikapewa kadi, na kwa mwaka mzima ikatibiwa pasipo kutoa fedha nyingine dirishani. Kila kilichochangwa na wananchi kiliongezewa kiasi kama hicho kutoka juu, ndiyo maana mpango ule uliitwa "tele kwa tele". Sheria ya kuueneza nchini ilipitishwa mwaka 2001, na kila halmashauri ikajipangia kiwango chake.

Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliokuwa umeundwa kwa sheria ya 1999, ulianza kutuhudumia watumishi wa Serikali. Mimi sikuombwa wala sikubembelezwa. Asilimia tatu ya mshahara wangu ilikatwa, mwajiri akaongeza tatu nyingine, basi. Hapa naomba msomaji aone tofauti. Mwenye mshahara hulipa kabla hajaishika fedha, kwa hiyo haimwumi sana. Mkulima na mchimbaji hutakiwa kuitoa mfukoni, wakiwa wazima, kwa ajili ya ugonjwa ambao bado haujabisha hodi. Ndiyo sababu wengi walijiunga walipokwisha kuugua, na mfuko wa namna hiyo haunenepi.

Mfuko ulipofika kijijini kwetu, mwenyekiti aliniomba nizungumze mkutanoni, kwa kuwa nilikuwa mwalimu mkuu na watu waliniamini. Nilizungumza vizuri, pengine kupita kiasi. Nilisema aliye na kadi hatauza ng'ombe tena kwa sababu ya ugonjwa.

Mzazi mmoja alilipa siku ileile. Alikuwa na watoto watatu shuleni kwangu, na kila baada ya mavuno alikwenda kuchimba dhahabu Nyarugusu, upande wa Geita, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu. Huko hakuna mshahara. Watu hushuka kwenye duara kwa zamu, na mawe yakipanda hugawana mifuko na mwenye duara na mwenye leseni. Wiki nyingine mtu hupata fedha za kununua pikipiki, kisha miezi minne hana hata ya chumvi. Ni riziki isiyoandikika katika fomu yoyote niliyowahi kuiona.

Mwaka wa pili jiwe lilimwangukia mguuni. Alipofikishwa kutibiwa, alitoa kadi. Akaambiwa kadi ni ya zahanati ya kijijini kwake, katika wilaya nyingine, haitambuliki pale. Siwalaumu waliomwambia hivyo. Ndivyo mpango ulivyoandikwa. Mguu ulihitaji rufaa ya Bugando, Mwanza. Ndugu zake wakakodi gari, wakavuka kwa kivuko cha Busisi, wakalipia kitanda, upasuaji, hata chakula cha aliyemuuguza. Nyumbani waliuza ng'ombe watano.

Alipoweza kutembea kwa gongo alikuja ofisini kwangu. Alinisalimu kwa heshima, akaiweka kadi mezani.

"Mwalimu, hii ni yako," akasema.

Nilijaribu kumweleza habari za wilaya na rufaa. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akauliza, "Na wewe ungeumia Geita, kadi yako ingekataliwa?" Isingekataliwa. Nilimwambia ukweli huo, akaaga. Nilistaafu, na bado mimi na mke wangu tunatibiwa kwa bima ileile.

Tangu hapo mambo yamesogea, lazima niseme hivyo kwa haki. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii uliboreshwa: kaya ya watu sita ikalipa shilingi 30,000, na kadi ikatambulika kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Bugando ilibaki nje. Na hao sita ni akina nani? Mji wa Kisukuma wenye wake wawili na watoto tisa unamwacha nani? Nimewahi kumwona baba akihesabu wanawe kwa vidole mbele ya mwandikishaji, akianza upya mara tatu. Kivuko cha Busisi nacho kimepata mbadala: daraja lilifunguliwa Juni 2025, na gari la mgonjwa halisubiri tena foleni ya kupanda chomboni. Lakini nauli ya gari lenyewe hailipwi na kadi.

Mwishoni mwa 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Mwenyekiti wetu wa sasa, ambaye nilimfundisha darasa la tatu, alinijia baadaye akitaka nizungumze tena mkutanoni. Nilimwambia nitakwenda, kwa sharti kwamba kwanza aniletee majibu ya maandishi: kadi ya kijijini itapokelewa Nyarugusu? Itapokelewa Bugando? Mtoto wa saba ataandikwa wapi? Aliyaandika maswali yangu kwenye daftari, akaahidi kuyapeleka wilayani. Yule mzee wa gongo bado yu hai, na mkutanoni hukaa safu ya mbele.